Yapo

Juzi usiku mvua ya kwanza ilipoanza kugonga bati, nilishtukia niko nje, pekupeku, natega ndoo chini ya paa. Ndoo ya kufulia, ndoo ya kudekia, hata sufuria la pilau. Binti yangu akasimama mlangoni, kitenge cha mama yake kichwani, ananiangalia kama anayenionea huruma.

"Baba, mbona maji yapo bombani?"

Nilicheka, sikumjibu. Yeye kazaliwa hapa hapa Chikongola, Mtwara mjini. Akifungua koki maji yanatoka, yakikatika siku mbili ananuna. Ila lile neno, yapo, lilinikalia kichwani mpaka alfajiri. Ni neno la bibi yangu wa Newala.

Aliyewahi kuishi kule juu hahitaji kuelezwa. Uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha ardhi inaimeza yote, huoni mto wala kijito. Ukisimama ukingoni unaiona Ruvuma chini kabisa na Msumbiji ng'ambo yake, maji mengi ya kutazama kwa macho. Zamani wanawake walishuka mabondeni kuteka na kuupanda mlima tena na mzigo kichwani. Mwenye nyumba ya bati akajichimbia kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akafunga mfereji kwenye paa, akavuna mvua ya kumfikisha mvua nyingine. Kinachobaki hapo ni hesabu.

Hesabu ya bibi ilikuwa ufito. Kila jioni, akishaswali magharibi, ananyanyua mfuniko, anauchomeka ufito mpaka uguse chini, anauchomoa, anatazama ulipolowa. Kisha anasema, "Yapo." Hakusema hata siku moja yamebaki kiasi gani. Ufito umelowa dhiraa nzima: yapo. Umelowa shubiri: alhamdulillah, yapo. Mimi mtoto wa mjini, niliyepelekwa kwake kila likizo ya Desemba kusaidia kuokota korosho, nilikereka. Naoga kwa kopo moja, maji ya kuoshea vyombo anapewa mbuzi, halafu mtu ananiambia yapo. Yapo wapi?

Mwaka 1999, nikiwa na miaka 12, mvua ilichelewa. Mabibo yaliyoanguka yalikuwa yanachacha chini ya mikorosho, na yale mazima tuliyanyonya kukata kiu mpaka koo likawa linawasha. (Doa la bibo kwenye shati langu jeupe la shule mama bado analizungumzia.) Asubuhi moja bibi akaniita, "Mume wangu, leo utaingia kisimani." Kisima husafishwa kinapokaribia kukauka, kabla mvua haijafika, na anayeshushwa ni yule mwembamba wa nyumba. Ngazi ya miti ikateremshwa, nami nikateremka.

Juu kulikuwa na lile jua la Desemba linalochemsha utosi. Kule chini nilikuta ubaridi ambao sikuwa nimeuonja tangu nitoke Mtwara. Kulinuka saruji na tope. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu, tena upande mmoja tu, pale sakafu ilipoinama. Nikasimama humo humo. Nikachezesha vidole. Chwa, chwa, sauti inagonga ukuta na kurudi kubwa, ungedhani tuko watu kumi. Nikiinua macho naona duara la mbingu jeupe, na pembeni yake kichwa cha bibi kimechungulia, ushungi unaning'inia. Nikaanza kuimba. Wimbo gani, sikumbuki. Nakumbuka furaha tu, ya kijinga kabisa, kwa maji yale yale ambayo jana yake, nilipopewa kwenye kopo, niliyanunia.

"Bibi! Humu hamna kitu!"

"Wewe chota."

Nikachota kopo kwa kopo, taratibu, tope lisitibuke. Ndoo ya kwanza ikajaa, akaivuta kwa kamba. Ya pili iliishia nusu, na rangi yake chai ya rangi.

"Ndoo na nusu, bibi. Basi."

"Si ndiyo hayo ninayokwambia? Yapo."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepanda, tope mpaka magotini, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, mama wa makamo. Nyumba yake iliezekwa kwa nyasi, na paa la nyasi halivuni maji, kwa hiyo kisima hakuwa nacho. Kiangazi alikuwa ananunua kwa ndoo, na wiki zile wenye maji walikuwa wameshapandisha bei. Nikamwamkia. Wakasalimiana na bibi salamu zile ndefu, za nyumbani, za watoto, za mikorosho. Ndipo akasema kilichomleta.

Bibi hakupepesa jicho. "Mwenzangu, hayapo."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Ndoo zilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, hatua nne kutoka pale. Yule mama akamtazama bibi. Akanitazama mimi. Halafu macho yake yakashuka polepole mpaka miguuni mwangu, ambako tope lilikuwa bado bichi, linadondokea mchangani.

"Haya. Tumshukuru Mungu," akasema, akaondoka na ndoo yake tupu.

Bibi akaingia jikoni, akatoka na kopo limejaa, akainama akaninawisha miguu mwenyewe, bila neno. Kopo zima. Jioni ile ufito ulibaki umeegemea ukutani.

Mvua ilikuja siku ya tano. Ya kwanza tuliiacha ioshe paa, mfereji tumeuchomoa. Ya pili ikaingia kisimani kwa kishindo mpaka tukawa hatusikilizani. Hata kabla hajachota ya kwake, bibi akanitwika ndoo, "Mpelekee mwenzangu." Basi nikawa natembea kwenye mvua, ndoo ya maji kichwani, nikimpelekea mtu ambaye uani kwake kila chungu kimetegwa na kimeshafurika. Yule mama aliponiona alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe yapo!"

Akaipokea ndoo, akanirudisha na mihogo ya kuchemsha.

Siku hizi simu yangu haikosi mawaidha ya asubuhi: picha ya jua linachomoza, na maneno kwamba mwenye furaha ni anayeshukuru alichonacho. Nayasoma, mengine nayasambaza. Lakini nikimfikiria bibi nakwama. Kwa miaka mingi niliamini yapo yake ilikuwa shukrani tupu. Nilipopata watoto wangu nikaanza kushuku kwamba ilikuwa pia njia ya kutuzuia sisi wajukuu tusihesabu pamoja naye, maana hofu ya kisima ni bora ikae kwa mtu mmoja. Na ile hayapo je? Ndoo na nusu, watoto watatu ndani, mbingu haina hata wingu. Siku nyingine naona alishukuru alichonacho kiasi kwamba hakuweza kukiachia. Siku nyingine nasema mimi nani, niliyekuwa naimba kisimani wakati yeye anahesabu ndoo.

Sikumuuliza. Alipofariki, yule jirani ndiye aliyesimamia maji msibani, kuanzia ya kuoshea maiti hadi ya kunywa wageni, na aliyateka kwenye kisima cha kwake mwenyewe, maana alikuwa ameshaezeka bati. Naye sikumuuliza.

Asubuhi yake mke wangu alikuta jikoni hakupitiki kwa ndoo, na sufuria lake la pilau limejaa maji pomoni. Akauliza hayo maji yote ni ya nini, wakati bomba lipo. Binti yangu akaacha kunywa chai, akanigeukia, akangoja nijibu.