Nilivyojifunza kumuuguza bibi bila kutajwa

Mwaka ule kigango chetu kilipofanya sherehe, nilikaa jikoni siku mbili. Tulichambua mchele wanawake watano, na nazi nikakuna mwenyewe mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Baada ya Misa msoma shukrani akasimama na karatasi yake. Akaitaja kwaya, akawataja waliokodisha viti, akamtaja hata kijana aliyefunga spika. Mimi sikutajwa. Nikatabasamu, nikabeba masufuria yangu, nikaenda kulia nyumbani. Wiki tatu sikukanyaga jumuiya, nikisingizia mguu.

Kusahauliwa kuliniuma, lakini kilichonitisha ni kingine. Nilikumbuka kwamba wakati nakuna zile nazi, moyoni nilikuwa nimeshaisikia karatasi ile ikisomwa. Nilikuwa nimeshachagua na sura ya kuvaa jina langu likitajwa. Yesu anasema juu ya watoao sadaka ili wasifiwe kwamba wamekwisha kupata thawabu yao. Mimi hata hiyo nilikuwa nimeikosa.

Nikiwa katika hali hiyo, jioni moja binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akaja akasimama mlangoni. "Shikamoo mama. Bibi anakuita." Bibi hakuwa ameniita. Mtoto ndiye aliyeelemewa. Bibi yake alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia umelala, kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Mama wa yule binti yuko Dar es Salaam kwenye biashara, anatuma fedha kwa simu kila mwezi bila kukosa. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Nilipofunua kanga nikaona doa jekundu chini ya kiuno, ukubwa wa sarafu. Nilimuuguza mama yangu mzazi, kwa hiyo nililijua. Mgonjwa asiyejiweza akilalia upande mmoja kwa saa nyingi, nyama iliyobanwa na mfupa hukosa damu, ikaanza kufa kutokea ndani, na kidonda kikishafumuka ni kazi ya miezi. Dawa yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kumweka mkavu, na kutolisugua lile doa hata kama mkono unawasha kulisugua. Nikasema nitakuja asubuhi. Mchana nikampata jirani mwingine wa kumgeuza mpaka mtoto atoke shule.

Nikawa nakwenda kabla hakujapambazuka, sisi wa Bagamoyo tukisikia adhana ya alfajiri. Beseni mbili, maji ya uvuguvugu, kanga mbili. Moja ya kufutia, moja haimtoki mwilini. Unafunua mkono, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo unafunua mwingine. Mtu mzima haachwi wazi kwa sababu tu hana nguvu za kuvuta nguo. Kisha unamlaza kiubavu, unaweka mto katikati ya magoti, na shuka unalivuta mpaka linyooke kabisa, maana mkunjo mmoja unakata ngozi kama kamba.

Siku ya pili, nilipomaliza, akaniambia kwa ulimi mzito, "Nitawadhishe." Mimi Mkristo, sikujua utaratibu. Mjukuu akanielekeza polepole: viganja, kinywa, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, mwisho miguu mpaka vifundoni. Nikammiminia. Nilipofika kwenye miguu, ule mguu wa kulia mzito mkononi mwangu kama si wa mtu, nikakumbuka Biblia ya marehemu mama yangu, ya Kiswahili cha zamani. Yohana 13 pale haisemi Bwana aliwaosha wanafunzi miguu. Inasema aliwatawadha. Neno lilelile. Kila Alhamisi Kuu nilikuwa nalisikia kama neno la ibada tu, kumbe ni beseni, ni maji yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko chako, ni kisigino kilichopasuka. Jioni nikaisoma tena sura hiyo yote. Petro anabisha. Yuda yumo, anatawadhwa na wenzake. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwamba alisema asante.

Mtihani wenyewe ulikuja baadaye. Bibi akaanza kuniita kwa jina la binti yake. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, "Mimi jirani, bibi," naye anahangaika, macho yanatafuta mlangoni. Nikaacha. Nikaitika. Basi kila aliyekuja kumjulia hali akaambiwa kwamba mwanawe ndiye anayemuogesha na kumlisha, Mungu ampe umri. Asubuhi moja, nikiwa kwenye foleni ya maji na ndoo yangu, nikawasikia akina mama wanaokaa mbali kidogo na kwetu: "Yule binti ana radhi ya mama yake. Anatoka Dar mpaka huku kumuuguza." Ndoo ikawa nzito kabla sijaijaza.

Nilinyamaza siku ile. Juma lililofuata nilishindwa, nikamweleza rafiki yangu dukani kila kitu. Utamu wake ulikuwa mkubwa, lakini ukaisha kabla sijafika nyumbani, na kesho yake kuamka kukawa kazi kuliko siku zote. Tangu hapo, hamu ya kusema inaponipanda, namwambia Mungu mambo madogomadogo: leo bibi amekula uji vijiko tisa, leo doa limefifia. Habari hizo zinakuwa za bibi, na hamu inapungua. Haijaisha. Inapungua.

Jingine lililonisaidia ni mnara wa misheni yetu. Nikienda Misa napita njia ya miembe, na kanisa la zamani lenye mnara huo liko pale. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Skotlandi, ulilazwa humo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Alifia sehemu ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, na wale waliokuwa wakimtumikia wakambeba miezi mingi, kwa miguu, kwenye njaa na maradhi. Susi na Chuma wanatajwa. Halima, aliyekuwa mpishi, anatajwa mara chache. Wengi wao karibu hawatajwi. Mnara tunauita kwa jina la aliyebebwa. Zamani niliona hilo ni dhuluma tu, na kwa sehemu bado naona hivyo, kwa sababu historia inawadai watu wale majina yao. Lakini nikiwa na bega linalouma kwa kumgeuza bibi, nawafikiria njiani. Sidhani mtu hubeba mzigo kama ule miezi yote hiyo akisubiri karatasi ya shukrani.

Niseme na hili, maana nimeona likipotoshwa: siri ya sadaka haihusu fedha za watu. Jumuiya ilipochanga tumnunulie bibi godoro na mpira wa kutandika juu yake, niliandika kila shilingi kwenye daftari na risiti nikawasomea. Kunyamaza ni juu ya sifa, si juu ya hesabu.

Idi ikaja, na binti yake akaja. Akalia alipoona mgongo wa mama yake ni mzima. Nilimwonyesha jinsi ya kumgeuza: mkono wa kushoto chini ya bega, wa kulia kwenye nyonga, magoti yako wewe yakunje, usivute kwa kiuno. Asubuhi ile tulimuogesha pamoja, yeye ndiye akamtawadhisha. Bibi akatutazama, akamtambua mwanawe, akamshika shavu. Kisha akageukia upande wangu.

"Na huyu nani?"

"Jirani yetu, mama."

"Ah. Karibu, mwanangu. Mpeni kiti akae."

Nikaletewa kiti, nikakaa.