Kabla ya Kuuliza Nyumba Inaingiza Shilingi Ngapi

Anayetafuta nyumba yake ya kwanza ya kupangisha hapa Dar es Salaam huanza kwa kuuliza wapangaji wanalipa kiasi gani, na dalali huwa na jibu tayari. Mimi swali hilo ningeliweka mwisho, nikatanguliza la nani anauza na anauza nini hasa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo mnunuzi hupata haki ya kuitumia kwa muda unaotegemea nyaraka alizonazo. Hati miliki inaweza kufika miaka 99 na leseni ya makazi ni ya miaka michache tu, lakini nyumba nyingi za uswahilini hazina chochote zaidi ya mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, ambao unaonyesha kwamba mwenyekiti alishuhudia watu wakiuziana, si kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Penye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama nyumba haimo rehani. Uliza pia kuhusu ndoa, kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa ni ya mirathi, anayestahili kutia saini ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama funguo anazo kaka mkubwa.

Usisahau hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando ya barabara lisiloruhusiwa kujengwa. Waliokuwa na nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, wanaikumbuka vizuri ile X nyekundu iliyochorwa kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, na bomoabomoa ya mwaka 2017.

Halafu rudi kwenye nyumba jioni, bila dalali, wapangaji wakiwa wametoka kazini. Mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki juu ya nani ana friji, na atakayeitwa kuamua ni wewe. Rangi mpya iliyoishia usawa wa goti kwa kawaida imeficha unyevu. Waulize wamelipa hadi lini, maana kama muuzaji ameshachukua pango la mwaka mzima, utamiliki nyumba isiyokuingizia kitu kwa miezi kadhaa, na kiasi hicho hakina budi kukatwa kwenye bei.

Sasa ndipo ije hesabu. Tuseme vyumba sita kwa shilingi 60,000 kila kimoja: ni 4,320,000 kwa mwaka, yaani asilimia 7.2 ya nyumba ya milioni 60, kabla ya kodi ya TRA, bati linalovuja, kunyonya choo na chumba kinachokaa wazi miezi miwili. Muuzaji akiiona hesabu hiyo na bado akakataa kushusha bei, mimi ningemwachia nyumba yake.