Mpira mmoja, wiki tatu

Wiki tatu nzima nimefanya zoezi moja tu la kutengeneza katuni: mpira unaodunda. Nilianza na Pixar in a Box, masomo ya bure kwenye tovuti ya Khan Academy, nikaelewa kwamba uhai wa katuni uko kwenye muda na nafasi kati ya picha na picha. Mpira ukikaribia kileleni picha hubanana, ukishuka zinaachana, na jicho linauamini uzito wake. Jana usiku mpira wangu ulidunda kama wa kweli. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone!

Natumia Blender, programu ya katuni ya bure kabisa, ileile iliyotengenezea Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025. Kwa uhariri wa video niko na programu ya DaVinci Resolve. Toleo la bure linanitosha, na watengenezaji wake, Blackmagic Design, wanatoa bure vitabu vya mafunzo pamoja na video za kufanyia mazoezi. Jamani, vipakueni kwa bando la usiku, mafaili ni makubwa.

Leo naanza mkia wa paka. Aliyewahi kuuhuisha anielekeze, naomba sana.