Chevelle ya 1970 na Nembo Isiyokuwa Yake

Tangazo la kuliuza gari langu nililianza kwa maneno matatu: "Hii si SS," yaani si Super Sport, ile Chevelle ya injini kubwa na bei kubwa. Mwenzangu wa gereji, mtu wa Mombasa, alilisoma akaguna. "Wewe bwana, unauza gari au unalichongea?"

Ilikuwa Oktoba 2022, Columbus, Ohio. Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, milango miwili, jekundu, na mistari miwili myeusi juu ya boneti. Nembo za SS zilikuwa zimebandikwa na mwenye gari wa kabla yangu. Za kwenye mbawa za mbele zinashikwa na vijiti vinavyopenya bati. Ukizing'oa yanabaki matundu, na tundu linataka kuchomelewa, kupigwa puti na kupakwa rangi ubavu mzima. Nikaziacha, nikaandika ukweli.

Namba ya chesi, unayoisoma juu ya dashibodi kupitia kioo cha mbele, ilianza na 136370B. Hiyo 136 ni Malibu ya V8, 37 ni kupe, yaani gari la milango miwili, 0 ni mwaka 1970, B ni kiwanda cha Baltimore. Shida ni kwamba SS ya mwaka ule nayo inaanza vivyo hivyo, maana SS ilikuwa kifurushi cha nyongeza tu. Ndiyo sababu matapeli wanaupenda mwaka huo. Ushahidi mzuri ni karatasi ya kiwandani, orodha ya vifaa ambavyo gari lilifungiwa, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti cha nyuma. Yangu ilikuwa juu ya tangi, kutu imekula nusu yake, lakini paliposomeka palionyesha injini ya 307, yaani ya inchi za ujazo 307. SS haikutoka na 307. Difu nayo ilikuwa ya bolti 10, wakati SS ilipewa ya bolti 12.

Injini ya 307 ilishatolewa zamani, ikaingia 350 yenye kabureta ya midomo minne. Giaboksi ya gia tatu niliibadilisha mwenyewe, nikaweka 700R4, otomatiki ya gia nne. Hiyo ni ndefu kuliko ya zamani kwa inchi 3 hivi, kwa hiyo daraja la kuishikilia lilisogezwa nyuma na propela ikakatwa. Kazi hiyo wengi wanaiweza. Kinachowaunguzia giaboksi ni waya unaotoka kwenye kabureta, unaoiambia giaboksi mguu umekanyaga kiasi gani. Ukilegea, presha ya oili inakuwa ndogo, klachi za ndani zinateleza, na safari moja ndefu inatosha kuziua. Mafuta ukiyakanyaga hadi mwisho, waya nao uwe umevutika hadi mwisho wake. Niliyaandika hayo kwenye karatasi, nikaibandika chini ya mfuniko wa chujio la hewa.

Bei niliyotaja ilikuwa dola 34,000. Nilikuwa nimetumia zaidi ya hapo, lakini pesa ya marekebisho hairudi yote. Mnunuzi halipii ladha yako.

Aliyekuja ni mzee mmoja kutoka Indiana. Kabla ya salamu kwisha alishaweka kiganja juu ya boneti. Alitaka injini baridi, maana iliyopashwa moto mapema inaficha kuwaka kwa taabu na moshi wa asubuhi. Kisha akatoa mfukoni sumaku iliyovikwa kipande cha soksi isikwaruze rangi, akaipitisha taratibu nyuma ya magurudumu, chini ya milango, na pembeni mwa kioo cha nyuma ambako Chevelle huoza. Nyuma ya gurudumu la kulia sumaku ikateleza ikaanguka. Puti, maana sumaku hushika bati tu. Nilikuwa nimeshapapiga picha na kuziweka kwenye tangazo, kwa hiyo alitikisa kichwa tu, akainama kufunua zulia la buti.

Tukaenda kulijaribu. Maili 20 safi kabisa. Tukasimama kuweka mafuta, akazungusha ufunguo: tak. Kimya. Akazungusha tena: tak. Taa zilikuwa zinawaka kali, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Kuna watu wamenunua betri mbili bure kwa ugonjwa huu. Mabomba ya eksozi ya kisasa yanapita karibu mno na stata, joto linaipika solenoidi, nguvu yake ya kuvuta inapungua. Dawa ni ngao ya joto au stata ndogo ya gia, ambayo inakaa mbali kidogo na bomba. Nilikuwa nimenunua ngao, iko sandukuni, sijaifunga. Uvivu. Tulikaa dakika 25, likawaka kama hakuna kilichotokea. Akakata dola 700, sikubisha.

Pale benki yake nilisimama naye dirishani mpaka hundi ya benki ikachapishwa mbele yangu. Hundi za kughushi kwenye biashara hii ni nyingi, na inaweza kugundulika baada ya siku kadhaa, gari limeshavuka mpaka wa jimbo. Hati ya umiliki ya Ohio nayo husainiwa mbele ya mthibitishaji wa saini (notary). Nilikuwa sijaigusa hata kwa nukta. Ukikosea bei ukafuta, hati imebatilika. Namba za usajili zinabaki kwa muuzaji, nikazifungua kwa bisibisi palepale nje.

Kwenye trela tulipakia pia maboksi matatu: giaboksi ya zamani, breki za mbele za asili na usukani wake. Mzee aliyachungulia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia injini. Mwishowe akaniuliza kama ile karatasi ya kiwandani iliyoliwa na kutu nayo anapewa. Nilikuwa nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki, ndani ya droo ya dashibodi.