Chadron, Novemba 2007

Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, binamu yangu alinipeleka Chadron, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Nebraska, karibu na mpaka wa South Dakota. Kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo hilo, ni mwendo wa kutwa nzima, kwa hiyo tuliondoka siku moja kabla, tukakatiza vilima vya mchanga ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Yeye alikuwa amenitangulia Marekani na futiboli yao, ile ya kubeba mpira mikononi, ilishamwingia damuni. Mimi nilikuwa mwanafunzi niliyetoka Iten, Kenya, kwa ufadhili wa riadha, na mchezo ule nilikuwa bado siuelewi vizuri.

"Twende ukamwone kijana waliyemkataa," aliniambia.

Kijana mwenyewe ni Danny Woodhead, mbeba mpira wa chuo cha Chadron State. Alizaliwa North Platte, humo humo Nebraska, na katika shule ya sekondari alikimbia kwa namna ambayo jimbo zima lilimjua. Lakini chuo kikuu cha jimbo, ambacho uwanja wake pale Lincoln umekuwa ukijaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962, hakikumpa ufadhili. Alikuwa na urefu wa takriban mita 1.73, mfupi kwa mchezo ule. Isitoshe, Novemba 2003, kijana akiwa mwaka wake wa mwisho shuleni, kocha wa chuo hicho, Frank Solich, alifutwa kazi, na Bill Callahan aliyemrithi alikuja na mchezo wa kurusha mpira zaidi kuliko kukimbia nao. Kijana akaenda Chadron, chuo cha Daraja la Pili la michezo ya vyuo, ambako kaka yake alikuwa anacheza. Mwaka 2006 alikimbia yadi 2,756, rekodi ya msimu mmoja kwa vyuo vya madaraja yote wakati ule.

Njiani binamu alinieleza jinsi wanavyochagua. Wakati ule vyuo vya daraja la juu vilikuwa na nafasi 85 za ufadhili, na msako huanza vijana wakiwa bado hawajaota ndevu. Wanapimwa urefu, uzito na sekunde za kukimbia yadi 40, kisha wanapewa nyota kama hoteli. Mwenye pesa za nauli huenda kwenye kambi za majaribio akaonekana. Wa mji wa mbali hutuma video, na video yenyewe huangaliwa na mtu ambaye tayari ameshasoma urefu wake.

Uwanjani baridi ilikuwa inakata masikio. Wapinzani walikuwa Abilene Christian kutoka Texas, nao walikuwa na mbeba mpira wao, Bernard Scott, aliyezunguka vyuo kadhaa kabla ya kutua hapo. Chadron waliachwa 49 kwa 20. Watu wachache walianza kuelekea kwenye magari. Binamu hakusogea, na mimi nilikuwa nimeshaacha kuangalia ubao wa matokeo. Nilikuwa naangalia miguu ya Woodhead.

Mkimbiaji humtambua mkimbiaji. Alipopokea mpira hakukurupuka. Alitulia kidogo nyuma ya migongo ya wenzake, mabega chini, mpaka upenyo ukafunguka, halafu akawa hayupo pale alipokuwa. Ule utulivu ndio ulionishika. Hakuna saa inayoupima, na anayekimbia yadi 40 peke yake kwenye njia tupu hana wa kumsubiri.

Chadron walisawazisha, wakashinda 76 kwa 73 katika kipindi cha tatu cha nyongeza. Mzee mmoja mfugaji aliyekaa mbele yetu aligeuka akanikumbatia bila kunijua. Woodhead na Scott wote wawili walifika NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, ambako kila mwaka timu huchagua vijana wa vyuo kwa raundi. Scott alichaguliwa raundi ya sita mwaka 2009. Woodhead hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2008, ila Februari 2012 aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, yaani alifunga tachidauni, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na timu ya Patriots.

Wiki ile ile nilimwandikia kocha wetu wa riadha kuhusu kijana wa nyumbani niliyefanya naye mazoezi, aliyekuwa akiniacha kila tukipanda mlima. Nilimsihi aende, au atume mtu akamwone. Jibu lilikuwa sentensi moja: atume muda wake rasmi wa mita 5,000 kwenye uwanja wa tartani, ule wa njia za mpira. Sisi tulikuwa tunakimbia kwenye murram, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na tartani tuliyoijua ilikuwa Kasarani, Nairobi. Nilimwandikia tena, nikamweleza habari za North Platte na Chadron. Hakujibu.

Mwaka uliofuata maofisa wa jeshi walikuja kuandikisha vijana. Waliwapanga uwanjani, wakawakimbiza mbele ya macho yao, na rafiki yangu wakamchukua siku hiyo hiyo.