Kivuli cha saa sita: siku yangu ya kupiga picha za majengo Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa Oktoba jua la Dar es Salaam huchomoza karibu na saa 12, na ikifika saa 2 kuta nyeupe zinaanza kuumiza macho. Ndiyo maana mizigo naifunga usiku: kamera, lenzi, stendi, betri zilizojaa chaji na pimamaji ndogo ya fundi mwashi. Nakunywa chai ya rangi, kisha bajaji hadi Mbezi Beach.

Saa 12 asubuhi

Nyumba ya leo ni mpya, ya ghorofa moja, na aliyenipa kazi ni dada aliyeisanifu. Ramani zake nilishazipata wiki iliyopita, kwa sababu sipendi kupiga jengo ambalo sijalisoma kwenye karatasi. Mchoro wa sakafu unanionyesha kaskazini iko wapi, mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa katikati kutoka juu hadi chini, unanieleza kwa nini paa limetokeza mbele kiasi kile. Bila hivyo ningebaki kutafuta pembe ya kupendeza tu, na pembe ya kupendeza haimwambii mtu jengo limefikiriwaje.

Mbele inatazama bahari, yaani mashariki. Mwanga wa kwanza unaingia chini chini, unavuka baraza na kufika hadi ukuta wa ndani wa sebule. Nusu saa baadaye umeshapanda na sura ya nyumba imebadilika, kwa hiyo hakuna muda wa kuzubaa. Stendi naiweka usawa wa kifua na kamera inasimama wima kabisa kwa pimamaji. Ukiiinua uso ili upate paa, kuta zinaanza kuegemeana na nyumba inaonekana inaanguka kinyumenyume. Natumia lenzi ambayo vioo vyake hupanda na kushuka huku kamera yenyewe imetulia: paa linaingia kwenye picha, na nguzo zinabaki wima vilevile alivyozisimamisha mwashi. Ni lenzi ya bei na haina haraka, kila kitu unakizungusha kwa mkono. Lakini fundi alitumia timazi kunyoosha ukuta ule, na mimi nawajibika kuutoa umenyooka.

Saa 3

Sasa ndani. Dirisha la sebule linang'aa na pembe za chumba ni giza, hivyo napiga picha kadhaa kutoka sehemu ileile, moja kwa ajili ya mwanga wa nje, nyingine kwa ajili ya kivuli cha ndani, nitaziunganisha mchana. AC tumezima na madirisha tumefungua, kwa kuwa ndivyo nyumba ilivyochorwa kuishi.

"Kaka, hizo kanga tuzianue?" dada ananiuliza akionyesha uani.

Namwomba ziachwe. Ua ule aliuchora yeye, na kwenye ukuta ameacha matundu ili nguo zikauke kwa upepo bila kuonekana barabarani. Kanga zikipepea, mtazamaji anauona upepo wenyewe ukipita mahali alipoupangia njia. Picha nyingi za nyumba zinazosifiwa siku hizi hazina mtu, hazina sufuria, hazina ndala mlangoni, na mimi naona zinampunja msanifu. Tunabishana kidogo, kisha tunakubaliana nipige zote mbili, yenye kanga na isiyo na kanga.

Saa 6 mchana

Mafunzo mengi ya kupiga picha yanakuambia saa hii ufunge begi: jua liko utosini, mwanga ni mkali, subiri jioni. Ushauri huo umetoka kwenye nchi ambako watu hujenga ili kulitafuta jua. Sisi wa Pwani tumejenga kulikimbia, na jengo lililojengwa kulikimbia jua linaonyesha akili yake saa sita hasa.

Niko Upanga, mbele ya ghorofa la fleti la miaka ya 1960. Halina vioo virefu wala rangi za kuvutia. Lina vibao vya zege vilivyotokeza juu ya kila safu ya madirisha, korido zilizo upande wa nje, na ukuta wa ngazi uliojengwa kwa matofali ya matundu kuanzia chini hadi juu. Asubuhi uso wake huwa bapa, ungelipita bila kugeuka. Saa sita na dakika kama kumi hivi, mwanga unateleza kwenye ukuta kutoka juu kwenda chini na kila kibao kinaangusha kivuli chake. Kivuli kinashuka hadi chini ya dirisha. Kioo chote kiko salama. Hapo ndipo unapoiona hesabu ya aliyechora.

Na Oktoba ndiyo mwezi wake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo ukuta wa kaskazini na wa kusini zote zinapata mwanga huo wa kuteleza. Juni ukuta wa kusini hauoni jua mchana, Desemba ni zamu ya ule wa kaskazini. Kalenda yangu ya kazi imepangwa kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Wasanifu wa kizazi kile, akiwemo Anthony Almeida aliyezaliwa papa hapa Dar mwaka 1921 na kusomea Bombay, hawakuwa na AC ya kuwaokoa kama mchoro ungekosea. Joto lilikuwa sehemu ya mchoro.

Bibi mmoja wa ghorofa ya pili ananiona nikihangaika na stendi kwenye korido.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unapiga picha ukuta mtupu?"

Namweleza. Ananipeleka jikoni kwake na kufungua dirisha, upepo unapita moja kwa moja hadi koridoni. Feni, anasema, huwasha Januari na Februari tu. Nampiga picha akiwa dirishani, kwa ruhusa yake, kwa sababu yeye ndiye kipimo sahihi cha dirisha lile.

Jengo hili litabomolewa. Kiwanja kimepata thamani kuliko kilichojengwa juu yake, na sina uwezo wa kulizuia hilo. Ninachoweza ni kupiga kila kitu: mikono ya ngazi, sakafu ya terazo, bawaba za milango, namna tofali la matundu lilivyokaa juu ya jingine, kila picha ikiwa na rula ndani yake ili ukubwa wa kitu ujulikane.

Saa 8

Wali maharage kwa mama lishe, Kariakoo. Soko kuu lililo hapa ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, la miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege iliyofunguka kuelekea mbinguni; inaleta kivuli na kukusanya maji ya mvua kwa mara moja. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, kila mtu alitafuta picha za zamani, na nyingi zilizopatikana zilikuwa za watu na bidhaa, paa likiwa limekatwa juu.

Saa 9 hadi 11

Kompyuta, risiti, simu. Leo mwuza vioo anataka picha za nyumba ya Mbezi bure kwa kuwa vioo ni vyake. Namwandikia kwa heshima kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha pia, na dada msanifu amelipia matumizi yake peke yake.

Saa 12 jioni

Mnara wa ofisi, Posta. Huku kwetu giza halichelewi. Kati ya jua kuzama na usiku nina dakika kama 20 ambazo mwanga wa angani na wa taa za ndani unalingana. Fundi umeme na walinzi wamekubali kuwasha kila ghorofa. Kazi inaisha haraka.

Saa 2 usiku

Nahamisha picha kwenye diski mbili. Kila faili la Upanga linapewa mtaa, ghorofa, upande wa dira, tarehe na saa. Kesho narudi na mwanafunzi wa usanifu atakayeshika futi kamba, maana ngazi bado hatujazipima, na mwenye kiwanja ametupa hadi Ijumaa.