Kruza iliyotumika kwenye jiji la miamba

Jumapili, saa kumi na mbili jioni.

Kila anayeulizia kruza iliyotumika, yaani ile pikipiki ndefu ya kukalia chini, huanza na CC, ukubwa wa injini. Eti 250 si itachoka njiani? Eti 750 si itanitupa? Naona swali linaanzia pabaya. Mwanza injini haimshindi mtu. Kinachomshinda ni pikipiki ndefu, ya chini, yenye kilo mia mbili na ushee, inapotembea mwendo wa mtu anayerudi sokoni na kikapu: kwenye kilima cha Bugando, kwenye matuta ya Usagara, kwenye njia ya vumbi ya Mabatini ambako jiwe moja limekaa katikati kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo kabla ya CC, uliza urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Yamaha Virago 250 ina karibu milimita 1,490. Drag Star 650 Custom ina 1,610 hivi, na Honda Shadow 750 Aero inakaribia 1,640. Ukizisoma kwenye karatasi, sentimita 15 si kitu. Ukitaka kugeuza kwenye barabara nyembamba yenye mtaro pande zote mbili, hizo 15 ndizo zinazokufanya ushuke na kusukuma.

Jambo la pili ni mlalo wa shokapu za mbele. Kwenye kruza kubwa zimelala nyuzi 34 au 35 kutoka wima, wakati pikipiki ya kawaida ya bodaboda zimesimama zaidi. Mlalo huo ndio unaoifanya itulie kama treni ukiwa kilomita 80 kwa saa kuelekea Magu. Ukipunguza mwendo unakugeukia: usukani unadondokea wenyewe upande wa kona, na mgeni hudhani beringi za usukani zimekufa. Hazijafa. Ndivyo zilivyo. Dawa yake ni kuishika klachi pale inapoanza kuuma, kukanyaga breki ya nyuma kidogo tu, kuiacha ya mbele kabisa, na kutazama unakokwenda, si lile jiwe. Breki ya mbele ikiguswa usukani ukiwa umekatwa, pikipiki inalala chini, na kuinyanyua ni kazi ya watu wawili.

Sasa matuta. Kruza nyingi za daraja hili shokapu za nyuma zina mwendo wa milimita 90 hivi tu. Mpandishe abiria mzito na nusu ya mwendo huo imeshaliwa kabla hamjaondoka. Chuma cha chini ya fremu au ekzosi vitagusa tuta. Punguza mwendo kabla ya tuta, kisha achia breki kabla tairi la mbele halijapanda, ili shokapu zirudi juu na zipate nafasi ya kubonyea. Wengi hufanya kinyume, wanapanda tuta huku wameshika breki, halafu wanalaumu shokapu. Na pedali zikiwa mbele sana huwezi kusimama ukanyanyua makalio, kwa hiyo mgongo ndio unaopokea kila kitu. Kwa njia zetu, pedali zilizo chini ya magoti zina faida kuliko hizo za mbele zinazopendeza kwenye picha.

Nikija kwenye majina, Virago 250 ndiyo ningemshauri mtu wa mjini bila kusitasita. Ni nyepesi, chini ya kilo 150, kiti kiko milimita 685 kutoka chini, injini ya silinda mbili inapozwa na hewa tu. Ina cheni, na cheni kila fundi anaijua. Tairi lake la mbele ni 3.00-18, kipimo ambacho maduka ya spea za bodaboda wanacho. La nyuma ni 130/90-15, na hapo ndipo safari inapoanza: rimu ya inchi 15 si ya bodaboda, kwa hiyo agiza tairi kabla la zamani halijaisha. Tangi lake ni lita 9.5. Kwa Musoma, kama kilomita 220, huenda ukafika bila kujaza, ila usijaribu kupima bahati.

Virago 535 ni mnyama mwingine. Haina cheni, ina shafti, mhimili wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, na difu, gia za kwenye tairi la nyuma, hivyo vumbi la changarawe haliilii sproketi. Matoleo ya baadaye yana matangi mawili, moja likiwa chini ya kiti, na mafuta kule chini yanaufanya uzito ukae vizuri; kwenye kona inakubali kulala kirahisi kuliko umbo lake linavyoonyesha. Lakini tangi la chini lina maana ya pampu ya umeme, na pampu ikifa huna mafuta hata kama matangi yamejaa. Ukiwasha swichi, sikiliza mlio wake mfupi. Ndugu zake wakubwa wa miaka ya 1980, zile 750 na 1000, zina ugonjwa wa starta unaofahamika: ukibonyeza kitufe unasikia meno yanasagana. Muuzaji akikwambia "hiyo ni kawaida yake", amesema kweli, lakini kawaida hiyo utailipia wewe.

Drag Star 650 ni ya barabara kuu. Shafti, tangi la lita 16, tairi la nyuma 170/80-15, zaidi ya kilo 210 kabla hujatia mafuta. Matangazo ya pikipiki zilizotumika kutoka Japani yamejaa Drag Star 400, na sababu ni leseni: kule leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia CC 400. Watu huchukua 400 wakidhani ni nyepesi. Fremu ni karibu ile ile ya 650, uzito karibu ule ule, nguvu ndiyo iliyopungua. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa nyepesi inakula sehemu ya kumi hivi ya nguvu ya injini. Mwenye 650 hasikii sana. Mwenye 400 na abiria anasikia kwenye kila kilima.

Suzuki Savage 650 ina silinda moja na mkanda badala ya cheni. Ni fupi, milimita 1,480, inageuka vizuri ajabu. Mbaya wake ni kikaza cheni ya ndani ya injini: kinasogea mpaka kinatoka kwenye kibebeo chake. Ukisikia mchakacho upande wa injini, mwambie muuzaji afungue kifuniko muone, au uondoke. Oili inayovuja juu ya kichwa cha silinda pia ni desturi yake, kuna kizibo cha mpira pale kinachokauka. Kulipuka kwa ekzosi ukiachia mafuta hakutishi.

Shadow 750 Aero ninaiheshimu, ila siipendekezi kwa anayeishi juu ya miamba. Inapozwa na maji: kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere saa nane mchana feni lazima iwake. Ukienda kuiangalia, iache ikisimama ikinguruma mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka, usikubali maneno.

Unapokwenda kuangalia yoyote kati ya hizi, nenda bila taarifa na uguse injini kabla hujasalimia vizuri. Injini ya moto imewashwa mapema ili isikuonyeshe inavyowaka ya baridi, na kabureta zilizokaa miezi na mafuta ndani huziba jeti ndogo, kwa hiyo itawaka kwa choki tu na kufa ukiifunga. Nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine: ukikwama kidogo katikati, beringi zimechimbika. Pima betri. Ikiwa imezimwa isome volti 12.6 hivi, ukivuta mafuta ipande kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, regileta au koili za kuchaji zimekwisha, na hiyo si betri mbovu kama utakavyoambiwa. Kwenye shafti, shika tairi la nyuma ulizungushe mbele na nyuma: mchezo mdogo sawa, mlio wa kugonga si sawa. Oili ya difu ni chini ya robo lita, haina kisingizio cha kuwa nyeusi kama lami. Tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1814 ni wiki ya 18 ya mwaka 2014, na tairi hilo ni la kutupa hata kama kashata zake bado ziko juu. Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma, si kwenye kadi peke yake.

Kisha ijaribu kwenye upepo. Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3 juu ya maji, na mchana upepo wa ziwa mara nyingi hupanda ghuba kutoka kaskazini, kwa hiyo ukielekea Busisi unakupiga kulia, ukirudi kushoto. Ukipigwa kulia, sukuma mpini wa kulia mbele kidogo. Pikipiki italalia upepo na kwenda moja kwa moja. Usiukabe usukani. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye shokapu za mbele kinageuka tanga, kila pumzi ya upepo inaingia mikononi. Kivue kabla ya kuvuka, boliti zake ni nne tu, na Drag Star utaiona imekuwa pikipiki nyingine.